Benchi la Kasanga

Kitendawili! Haya, itikia vizuri, usiitikie kama mtu aliyeshiba. Nimemwasha mwenyewe, nimemlisha mwenyewe, na mbele ya wageni ananitoa machozi. Nani huyo?

Umeshindwa? Basi mji wako kaa nao, siutaki. Mji wa kitendawili hiki una uchungu. Kiweke mfukoni twende nacho taratibu, maana hata Sajenti Asnath siku ile alitembea na cha kwake kutwa nzima.

Upepo wa Ufipa ulikuwa unakwaruza. Mwisho wa Septemba nyasi zimeshachomwa, majivu yanaruka, mtu akicheka anakula vumbi. Sajenti Asnath Sikazwe, mpelelezi kutoka Sumbawanga mjini, aliegesha pikipiki ya serikali kando ya ukuta wa Shule ya Msingi Kansolo, kijiji unachokifikia ukishaipita Mwimbi. Alivua helmeti, akakung'uta suruali, akasimama kwanza bila kubisha hodi popote.

Kesi yenyewe aliijua. Siku ya mtihani wa darasa la saba, watoto sita hawakuingia chumbani. Walionekana baadaye wakija mbio kutoka upande wa kigango, lile kanisa dogo la kijiji, sare zimejaa vumbi, kalamu mikononi, na mlango wa mtihani ulikuwa umeshafungwa. Shule ikawaandika watoro. Na mtoro siku hizi haadhibiwi peke yake. Mzazi au mlezi anaitwa kata, na kutoka kata anapelekwa mahakamani.

Wazazi wa watano waliinamisha vichwa. Wa sita, Salome, alikuwa na bibi. Bibi Dominika ndiye aliyemlea tangu mama yake alipoolewa mara ya pili. Alipanda lori la mnada mpaka Sumbawanga, akasimama mbele ya kaunta ya polisi na kitambaa chake cha kanisani kichwani. "Mjukuu wangu hakutoroka," akasema. "Amedanganywa. Namtaka aliyemdanganya." Binti yake Mariana, mama mzazi wa Salome, alikuwa pembeni amemshika mkono asianguke.

Jana yake Asnath aliwahoji watoto. Watano walisema neno moja: Salome ndiye aliyetuambia padre anatusubiri kigangoni atubarikie kalamu, na kwamba karatasi za mtihani zimekwama njiani, mtihani ni mchana. Salome alipoulizwa yeye aliambiwa na nani, alitazama vidole vya miguu yake. Akaulizwa tena. Akaendelea kuvitazama.

Nani alimwambia Salome? Asnath alikuwa na siku hiyo moja tu. Kesho asubuhi Bibi Dominika alitakiwa kata kama mlezi wa mtoro. Na mtoto akishaandikwa mtoro, habari yake ya shule imekwisha. Akithibitika kuwa alidanganywa, angeweza kuombewa arudie mwakani.

Mwalimu Mkuu Zephania alitoka ofisini akifuta chaki mikononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, afande. Umerudi."

"Nimerudi. Naomba kuliona darasa la saba."

"Wameshamaliza, wako makwao. Darasa tupu."

"Nalitaka hivyohivyo tupu."

Ndani madawati yalikuwa yamepangwa vizuri, matatu matatu, yakitazama ubao. Nyuma kabisa, chini ya dirisha lisilo na kioo, kulikuwa na benchi refu lililogusa ukuta. Asnath alikwenda moja kwa moja mpaka pale. Juu ya ubao wa benchi mtu alikuwa amechonga kwa msumari, herufi kubwa: KASANGA.

"Hii ni nini?"

Mwalimu alikohoa. "Utani wa watoto. Basi likitoka Sumbawanga, mwisho wa njia ni Kasanga, ziwani. Ukifika pale huna mbele, labda uogelee. Anayeshika mkia kwenye mtihani wa utamilifu anahamia benchi hili. Wenzake wanamwambia, 'Shuka, mwisho wa gari.'"

"Utani wa watoto, lakini anayewapanga ni mwalimu."

"Nawapanga ili niwajue. Wanaohitaji kusaidiwa."

"Ukawasaidia?"

Mwalimu aliangalia dirishani.

"Nani walikuwa wanakaa hapa?"

"Timoth. Rosina. Huyu mtoto wa Bundala. Mapacha wa Silvana." Alinyoosha kidole mpaka mwisho wa benchi. "Na dirishani, Salome."

Asnath aliketi mahali pa Salome. Kutoka pale ubao ulionekana nusu. Nusu nyingine iling'aa mwanga wa jua.

"Mwalimu, homa ikiingia darasani inachagua benchi?"

"Sijasema walikuwa na homa."

"Utoro je? Unachagua benchi?"

Wakatoka. Kwenye mlango wa ofisi kulikuwa na duara mbili za rangi nyekundu, moja imeanza kupauka, nyingine mbichi kidogo. Chini yake mtu alikuwa ameacha nafasi ya duara ya tatu.

"Na hizi nazo ni utani wa watoto?"

"Hizo ni za waraka kutoka juu." Mwalimu aliongea kama anayesoma ubao. "Uwajibikaji wa shule. Ufaulu ukianguka chini ya mstari, shule inapakwa nyekundu, wanakijiji waone. Mwaka juzi nyekundu. Mwaka jana nyekundu."

"Ikija ya tatu?"

"Kamati ya shule inavunjwa, wazazi wasichague tena, analetwa mtu wa kuisimamia. Mimi nashushwa. Na madarasa ya juu yanahamishiwa shule ya Namsa, ng'ambo ya mto."

"Ufaulu unahesabiwa kwa walioandikishwa au kwa waliokaa kwenye mtihani?"

Mwalimu Zephania alivua miwani. Akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Waliokaa," akasema.

"Kwa hiyo ukimkata mkia ng'ombe, anaonekana mzima."

"Afande, mimi sikumwambia mtoto yeyote asije."

"Mlango ulipofungwa na benchi zima liko tupu, ulijua?"

"Nilijua kuna jambo. Jambo gani, sikujua."

"Ukafanya nini?"

"Nikawaandika watoro."

Asnath alivaa helmeti yake. Hakumuaga.

Kijijini kidole cha kila mtu kilimwelekea katekista Beda. Ufunguo wa kigango si anao yeye? Nani mwingine mtoto angemwamini akisema padre anakuja? Asnath alimkuta mwenyewe nje ya kanisa, anafunga upya waya wa kengele, na kengele ya pale ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi. Beda alikuwa mtu mfupi, mwenye hasira zilizokuwa tayari zimeshachemka.

"Afande, kabla hujafungua mdomo: sikuwepo! Wiki ile nzima nilikuwa misheni ya Kate, semina ya makatekista. Muulize paroko. Muulize na mpishi wa kule, alinisema mbele za watu kwamba nakula kama nafukuzwa."

"Nimeshampigia paroko."

"Eeh?"

"Amesema ulikuwepo. Na habari ya kula ameithibitisha."

Beda alitaka kucheka, akakumbuka amekasirika. "Sasa mbona kijiji kinanitemea mate?"

"Kwa sababu ya ufunguo."

"Ufunguo! Ufunguo unakaa hapo juu ya fremu ya mlango. Kansolo hii wasioujua ni mbuzi tu."

Asnath alinyoosha mkono, akaupata. Akafungua. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya nta. Alitembea polepole katikati ya mabenchi huku akiongea.

"Watoto wanasema waliitwa kubarikiwa kalamu."

"Uongo mtupu. Kalamu zilishabarikiwa Jumapili kabla ya mtihani! Darasa la saba walipanga mstari, kalamu na rula juu, padre akawanyunyizia maji mpaka miwani ya Mwalimu Zephania ikalowa. Huwezi kubariki kalamu mara mbili kama unatia chumvi."

"Walikuwepo wote?"

"Wote."

"Katekista."

Beda alisimama. Akakuna shingo. "Wote waliokuwepo."

"Nani hakuwepo?"

"Hawa wa benchi la nyuma. Walitumwa mtoni kuchota maji ya kufyatulia matofali ya choo kipya. Siku ya Bwana! Nililalamika, nikaambiwa mvua haisubiri misa."

"Aliyekuambia?"

"Mwenyekiti wa kamati ya shule. Kasimiri."

Asnath aliinua kichwa. "Mtoto wa hapa, kalamu yake haijabarikiwa, anaingia kwenye mtihani?"

"Afande, wewe na jina lako hilo la Sikazwe si mgeni wa huku. Kalamu isiyobarikiwa wanasema inasahau. Mama mtu mwenyewe atamrudisha mlangoni."

Hapo ndipo Asnath alipotikisa kichwa. Benchi limenyimwa baraka Jumapili. Asubuhi ya mtihani linaahidiwa baraka. Watoto hawakuhitaji kuvutwa kwa kamba; walikimbia wenyewe.

Kwenye kona, nyuma ya benchi la wanakwaya, palikuwa na dumu la njano na vikombe vya plastiki vimefunikizwa. Asnath alichuchumaa. Kizibo cha dumu kilikuwa gunzi la mahindi lililofungwa kipande cha kitenge cha buluu chenye picha za samaki. Alilichomoa, akanusa. Chachu ilimpanda mpaka machoni.

"Togwa."

"Si la kanisa hilo," Beda akasema haraka. "Kanisa hatuna dumu wala hatuna togwa."

Asnath alimimina kidogo kiganjani. Mashapo yalikuwa mekundu, ya ulezi. Sasa hebu nawe fikiri. Togwa ya ulezi si chai, kwamba unaamka asubuhi unasema leo nataka, unainjika. Ulezi unaloweshwa, unafunikwa mpaka uote, kimea kinaanikwa, kinasagwa, ndipo unaanza kupika. Aliyeipika hii alikuwa ameshanuia watoto wakiwa bado wanakariri majedwali. Na kulikuwa na jambo jingine.

"Katekista, ukitaka kumpoteza mtoto wa watu, unampikia togwa?"

"Mimi?"

"Mtu yeyote."

Beda alifikiri. "Labda kama unajua atakaa na njaa mpaka mchana."

"Na inakuuma."

"Na inakuuma," Beda akakubali, taratibu.

"Kasimiri anajua kupika togwa?"

Sasa Beda alicheka kweli. "Kasimiri! Mke wake alipolazwa Sumbawanga, mzee yule aliishi kwa mahindi ya kuchoma mpaka meno yakamsaliti."

Asnath alilitia dumu kwenye gunia, akalifunga nyuma ya pikipiki.

Mwenyekiti Kasimiri alikuwa kwenye tanuri la matofali, nyuma ya shule, anaziba kwa udongo nyufa zilizokuwa zinatoa joto. Mzee mrefu, mgongo haujapinda. Walisalimiana kwa Kifipa, kirefu, mpaka habari za mbuzi. Kisha Asnath akarudi kwenye Kiswahili, na mzee akajua salamu zimekwisha.

"Mzee wangu, Jumapili ile uliwatuma watoto kuchota maji."

"Niliwatuma. Andika."

"Benchi moja tu."

"Walio hodari wa kusoma walikuwa wasome. Walio hodari wa maji wakachota."

"Asubuhi ya mtihani ulimwambia nini Salome?"

"Sikumwambia neno. Lete Biblia, lete jembe, lete chochote unachokiamini, naapa. Mimi Kasimiri sikumsemesha mtoto yeyote asubuhi ile."

Asnath alimtazama. Mzee aliapa kama mtu anayekanyaga jiwe alilokwisha kulipima kwa mguu.

"Nimekuamini," akasema. "Kwa hiyo kuna mwingine aliyekubali kusema."

Kasimiri alichota udongo, akaupiga kwenye ufa. *Pwa.*

"Afande, mto Namsa unaufahamu?"

"Nimeuvuka nikija huku. Una maji ya kifundoni."

"Septemba. Urudi Machi." Alijifuta mikono kwenye kaptura. "Kabla ya shule hii, watoto wetu walikuwa wanavuka kwenda ng'ambo. Muulize Dominika mwanawe Jastin yuko wapi. Atakuonyesha mtoni, maana kaburi hana. Baada ya Jastin tulisema basi. Tulifyatua matofali wenyewe. Dominika alibeba kichwani akiwa na mimba. Shule hii haikuletwa na mtu, tuliinyanyua."

"Na sasa waraka unataka kuwarudisha ng'ambo."

"Waraka umeandikwa na mtu anayekwenda kazini kwa lami. Sisi kamati tumechaguliwa na wazazi. Juu wanatuambia, mkianguka tunawavunja. Chini wanatuambia, mkivunjwa watoto wetu watakunywa maji. Kamati ikae wapi? Tulimwomba mtu wa juu atuletee mwalimu wa hisabati. Alituletea rangi nyekundu."

"Kwa hiyo kamati ilikaa ikaamua."

"Kamati haikuamua."

"Mzee."

"Ilinyamaza. Mimi nilisema, kama benchi lile lisingekuwepo tungeokoka. Kisha nikanyamaza, na wenzangu wakanyamaza, na kila mmoja akajua mwenzake amesikia."

"Nani akafungua mdomo baada ya hapo?"

"Ya mwenzangu sisemi. Nifunge mimi."

"Na Bibi Dominika akipelekwa kata kesho? Aliyebeba matofali?"

Kwa mara ya kwanza macho ya mzee yalihama. Akaugeukia ukuta wa tanuri.

"Hilo hatukulitazamia. Tulidhani atanyamaza kama wengine." Kisha, akiwa amempa mgongo: "Nitakuambia moja tu. Hatukumtafuta mtu. Alijitolea. Ana watoto wadogo wanaokuja nyuma, na mto anaujua."

Asnath alisimama kidogo pale kwenye joto. Halafu akaondoka.

Jiko la Bibi Dominika lilikuwa kibanda cha udongo peke yake uani, paa la nyasi limeiva kwa masizi. Bibi alikuwa kwenye kigoda mbele ya mafiga. Salome alikuwa chini, anapukuchua mahindi. Mlangoni, penye mwanga, Mariana alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mtoto wa mwisho amelala mgongoni. Mji wake ulikuwa pale chini ya kilima. Kila siku alipanda kumsaidia mama yake.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu, karibu moto." Bibi alisogeza kigoda kingine. "Umekula vumbi leo, hata kope zimekuwa nyekundu. Umempata?"

"Namkaribia. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mariana, mpe mgeni maji."

Mariana aliinuka, akaleta maji, akapiga goti dogo la heshima. Mkono wake ulikuwa imara. Akarudi kwenye ungo wake.

Asnath alikunywa huku macho yanatembea. Juu ya kichanja, juu ya kuni, palikuwa na madumu mawili ya njano. Vizibo vyake vilikuwa magunzi, yamefungwa kitenge cha buluu chenye samaki. Katikati yake palikuwa na nafasi, na masizi ya nafasi ile yalikuwa mepesi kuliko ya pembeni.

Aliweka kikombe chini.

"Bibi, naona wewe ni mpishi wa togwa."

"Ee, usiniulize!" Uso wa bibi ulifunguka wote. "Hapa Kansolo harusi bila togwa yangu watu wanasema wameoana nusu. Ungekuja wiki ya mtihani ungekunywa. Nilikuwa na kimea, kimeota vizuri, kirefu kama ndevu za padre."

"Ulipika?"

"Sikupika mimi. Mwanangu huyu alikuja akasema akina mama wa jumuiya wana mgeni. Nikampa kimea chote, nikampa na dumu. Si ndiyo, Mariana? Hata dumu lenyewe hujanirudishia."

Maharage yaliacha kuanguka kwenye ungo.

"Nitalileta, mama," Mariana akasema.

Asnath alitoka. Alifungua gunia nyuma ya pikipiki, akarudi, akaliweka dumu chini, kati ya mafiga na miguu ya bibi.

Bibi Dominika alilitazama. Aliangalia gunzi. Aliangalia samaki wa buluu, kitenge alichokichana kwa mikono yake. Akaangalia kwenye kichanja, palipo wazi.

"Hili limetoka wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Kigangoni. Nyuma ya benchi la wanakwaya, na vikombe sita."

Upepo ulipita kwenye nyasi za paa. Bibi alichukua kuni, akaisukuma kwenye mafiga, akaitoa, akaisukuma tena. Machozi yalianza kumtiririka, akayafuta kwa kiganja, yakaja mengine.

"Moshi huu," akasema. "Kuni za mkaratusi mbichi."

Moto, ule wa kitendawili changu, ulikuwa umezimika zamani. Mle jikoni moshi haukuwepo hata wa kumkohoza panya.

"Bibi," Asnath akasema polepole, "sasa nakuuliza kwa kazi yangu. Dumu hili alilipeleka nani kigangoni?"

Bibi hakumtazama binti yake. Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki na macho yake yakakaa mbali naye, mlango mzima ukawa kama haupo.

"Mimi."

"Bibi, umesema sasa hivi kwamba..."

"Mimi ni mzee, nachanganya maneno. Nililipeleka mimi. Na mtoto nilimwambia mimi. Andika."

"Ulikuja Sumbawanga mwenyewe kumtafuta aliyemdanganya."

"Nilikuja kujitafuta. Wazee tuna mambo. Andika, mwanangu, jua linakwenda."

"Nikiandika hivyo, wewe si mlalamikaji tena. Unapanda nyuma ya pikipiki hii tunakwenda wote Sumbawanga, na mbele ya hakimu utasimama kama mtu aliyemwibia mjukuu wake mtihani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Nipe nichukue kitambaa changu."

Aliinuka kwa kushika ukuta. Magoti yake yalilia. Asnath hakumsaidia, alikuwa anatazama mlangoni.

Mariana alikuwa amesimama. Ungo alikuwa ameukumbatia kifuani. Mtoto mgongoni aliamka, akaanza kulia, naye akamtikisatikisa, akamtikisatikisa, midomo yake ikafunguka.

"Mama..." akasema.

"Nyamaza wewe," Bibi Dominika akamkata, bila kugeuka. "Una watoto wa kulea. Nyamaza kama ulivyonyamaza."

Na Mariana akanyamaza.

Salome aliacha kupukuchua. Gunzi lilikuwa bado mkononi mwake, punje zimebaki mstari mmoja. Aliinua uso, akamtazama mama yake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama vile mtoto anavyomtazama mtu aliyesema, ngoja hapa nakuja. Bibi alifunga kitambaa, fundo likamshinda, akalifunga tena. Mtoto mgongoni alilia mpaka akachoka. Salome aliendelea kungoja. Mariana alikuwa anatazama maharage.

"Twende, mwanangu," Bibi Dominika akamwambia Asnath, akakanyaga nje.

"Salome," Asnath akasema. Hakupandisha sauti. Lilikuwa swali lilelile la jana. "Nani alikuambia?"

Mtoto aliliweka gunzi chini taratibu.

"Siyo bibi," akasema. "Ni mama. Alinisubiri pale kwenye mikaratusi. Akanitengeneza kola, akasema nikawaambie na wenzangu."